Injini Kutetemeka Kwenye Sailensi: Mtetemo wa Kawaida na Mtetemo wa Hitilafu katika Toyota Vitz ya Silinda Tatu

Dereva wa gari ndogo anapomweleza fundi kwamba gari linatetemeka, maelezo yake huwa karibu yale yale: gari likiwa kwenye foleni, injini ikiwa kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), gia ikiwa D na mguu ukiwa kwenye breki, usukani unatetemeka, kioo cha ndani hakionyeshi vizuri gari lililo nyuma, na mtikisiko unasikika hadi kwenye kiti, akirudisha gia N unapungua, na akikanyaga mafuta kidogo unakwisha. Kwa maelezo hayo peke yake anaweza kushauriwa abadilishe plagi, koili (inayoipa plagi umeme), mauntingi (mipira inayoshikilia injini kwenye bodi), pampu ya mafuta au hata giaboksi, na kila mshauri atakuwa amewahi kuona gari lililopona kwa dawa anayoitaja. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yanalingana pia na gari zima kabisa lenye injini ya silinda tatu.

Mwongozo huu unafuata mfano wa Toyota Vitz yenye injini ya 1KR-FE, injini ya petroli ya cc 996 ambayo imefungwa pia katika Passo na Belta, na ambayo imejaa katika barabara za Tanzania na Kenya kwa sababu ya magari yanayoagizwa Japani yakiwa yametumika. Mwenye gari jingine dogo anaweza kuufuata vilevile, kwa kuwa utaratibu wa kutafuta chanzo haubadiliki sana. Swali la kujibu kabla ya kufungua boliti yoyote ni hili: je, injini inazunguka bila mpangilio, au inazunguka sawasawa ila mtikisiko wake wa kawaida unapenya hadi kwenye bodi? Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye sehemu tofauti kabisa za gari, na fedha nyingi hupotea kwa kununua dawa ya jibu moja ili kutibu jingine.

Kiasi kilicho cha kawaida

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krankishafti, yaani shafti kuu ya injini. Injini ikiwa kwenye mizunguko 750 kwa dakika, yenye silinda nne huwaka mara 25 kwa sekunde, na yenye silinda tatu huwaka chini kidogo ya mara 19. Nafasi kati ya mwako mmoja na unaofuata ni kubwa zaidi, na kila mwako unasukuma injini pembeni kwa nguvu inayosikika. Zaidi ya hapo, pistoni ya kwanza na ya tatu hazipandi pamoja wala kushuka pamoja, kwa hiyo injini huwa na mwelekeo wa kuyumba kutoka ncha moja hadi nyingine. Mtu aliyezoea Corolla ya silinda nne akikaa ndani ya Vitz ya lita moja atasema inaumwa, hata kama ndiyo kwanza imeshushwa bandarini. Gari la kulinganisha nalo ni Vitz au Passo nyingine yenye injini hiyo hiyo, na dakika tano za kukaa ndani ya gari la jirani hufaa kuliko maoni ya watu kumi wasioliona.

Mtetemo wa kawaida una tabia zake. Una mdundo mmoja usiobadilika, hauruki wala kukohoa. Unasikika zaidi gia ikiwa D kuliko ikiwa N, kwa sababu kwenye D injini inasukuma giaboksi huku magurudumu yamezuiwa na breki, na mizunguko hushuka kidogo. Huongezeka kompresa ya A/C inapoingia, kisha hutulia. Hupotea mara mizunguko inapopita 1,000. Mtetemo wa hitilafu huonyesha angalau jambo moja lililo kinyume na haya: unakuja na kuondoka wenyewe, una mapigo yasiyolingana, unazidi mwezi hadi mwezi, au unaendelea hata injini inapoongezwa mafuta gari likiwa limesimama.

Kuhusu idadi yenyewe, injini ndogo nyingi za petroli zikishapata joto hukaa kati ya mizunguko 650 na 800 kwa dakika zikiwa N na A/C ikiwa imezimwa. Kipimo halisi cha gari husika kiko kwenye kitabu cha ufundi, na katika baadhi ya magari kwenye kibandiko chini ya boneti. Asubuhi injini ikiwa baridi, kompyuta huipandisha kwa makusudi hadi 1,200 au 1,500, kisha huishusha polepole. Mizunguko ya juu ya dakika hizo za kwanza si ugonjwa, na dereva hana haja ya kuipunguza.

Hapa kuna kikwazo kidogo: Vitz nyingi za lita moja hazina mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Zina hata hivyo taa ndogo ya buluu ya joto la maji, ambayo huwaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata joto. Taa hiyo ni ya thamani kuliko watu wanavyoidhani, kwa sababu vipimo vyote vya sailensi vinaanza baada ya kuzimika kwake. Kwa idadi ya mizunguko itabidi kutumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, au kile kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi lugha inayoeleweka na vifaa hivyo na huhitaji mashine ya fundi.

Jaribio la kuanzia

Injini ipate joto, A/C, taa na redio vizimwe, gia iwe P. Fungua boneti, uitazame injini yenyewe wala si usukani. Kama injini inatikisika kwa kuruka, kana kwamba kuna mkono unaoisukuma mara kwa mara, hitilafu iko katika mwako. Kama imetulia na inaunguruma sawasawa lakini ndani ya gari mtikisiko ni mkubwa, uangalizi uhamie kwenye mauntingi na ekzosi. Kisha nenda nyuma ya gari usikilize mdomo wa ekzosi: silinda isiyowaka huacha pengo katika mfululizo wa pumzi. Silinda moja ikifa katika injini ya silinda tatu, pengo hilo hurudi mara sita hivi kwa sekunde, kasi ndogo ya kutosha mwili kuhisi kila pigo, na ndiyo sababu gari la namna hii hutikisa hadi milango.

Mizunguko ikiwa juu hata injini ikiwa moto

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza katika eneo letu kimetengenezwa na mikono ya watu. Gari likichemsha mara moja, baadhi ya mafundi huondoa themostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa baridi. Hoja hiyo si sahihi, kwa kuwa themostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa. Ipo ili injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi, na ibaki hapo. Ikiondolewa, maji huzunguka moja kwa moja hadi kwenye rejeta tangu injini inapowashwa. Kompyuta inaona injini baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi na kushikilia mizunguko juu, plagi zinapakwa masizi, na baada ya miezi kadhaa mwenye gari analalamika kuhusu ulaji wa mafuta na mtetemo bila kukumbuka siku themostati ilipoondolewa. Dalili ni taa ya buluu inayochelewa kuzimika, au inayorudi kuwaka gari likiteremka mlima mrefu kwa kasi. Mashine inaweza kuonyesha msimbo (namba ya hitilafu) P0128. Dawa ni themostati ya joto sahihi na kushughulikia kilichofanya gari lichemshe mwanzoni, iwe feni, kifuniko cha rejeta au maji yanayovuja.

Kama joto liko sawasawa na mizunguko bado iko juu, tafuta hewa inayoingia bila kupita kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguka mafuta yanapokanyagwa. Mipira midogo ya vakyumu hukauka na kupasuka kwa joto la miaka mingi, gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) hulegea, na vali ya kurudisha moshi wa krankikesi (tumbo la injini) hukwama ikiwa wazi. Mahali pa kusikiliza kwanza ni kwenye mpira mkubwa unaokwenda kwenye busta ya breki: pedali ikiwa ngumu na kukiwa na mlio wa hewa kila inapokanyagwa, chanzo hakiko mbali. Mafundi wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi wakisubiri mizunguko ibadilike. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inamwaga kimiminika kinachoshika moto juu ya ekzosi ya moto. Maji ya kawaida katika chupa ya kunyunyizia, au kubana mpira mmoja mmoja kwa koleo iliyofungwa kitambaa, yataonyesha uvujaji mwingi bila hatari hiyo.

Ijulikane pia kwamba uvujaji wa hewa hauonekani kwa sura moja katika magari yote. Injini inayopima mkandamizo wa hewa ndani ya manifoldi huihesabu hata hewa iliyoibwa, kwa hiyo huongeza mafuta na mizunguko hupanda. Injini inayopima mtiririko wa hewa kwenye mdomo wa bomba haiioni hewa hiyo, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, injini inamisi (baadhi ya mipigo haiwaki) ikiwa kwenye sailensi na kutulia ikikanyagwa, na msimbo P0171 hujitokeza. Ukiona kwenye mashine kwamba nyongeza ya mafuta ni asilimia 20 au zaidi kwenye sailensi, kisha inarudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hiyo ni hewa inayovuja na si pampu ya mafuta. Pampu dhaifu hujionyesha kwa namna iliyo kinyume, yaani upungufu unazidi injini inapodai mafuta zaidi.

Mizunguko ikiwa chini, au injini ikizima unaposimama

Hapa throto ndiyo mshukiwa mkuu. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa, ukichanganyika na vumbi lililopenya kichujio, huacha utando mweusi kuzunguka kisahani cha throto. Ukifungua bomba la hewa na kumulika tochi utauona: duara jembamba linalong'aa kidogo, hasa upande wa nyuma wa kisahani, mahali ambapo hewa ya sailensi inapaswa kupenya kwenye upenyo ulio mwembamba mno. Gari likiwa mwendoni kisahani kimefunguka sana na uchafu huo hauna athari. Likisimama, upenyo umeziba, mizunguko inaporomoka hadi 500, na injini inatikisika au kuzima.

Kusafisha ni kazi rahisi ambayo huharibiwa na haraka. Injini iwe imezimwa na swichi iwe imefungwa kabisa. Dawa ipuliziwe kwenye kitambaa, si moja kwa moja kwa wingi ndani ya throto, na kisahani cha throto inayoendeshwa kwa mota kisisukumwe kwa nguvu ya kidole, kwa kuwa ndani yake kuna gia ndogo za plastiki. Katika magari yanayotumia waya wa mafuta, kuna vali ya pekee inayopitisha hewa ya sailensi, nayo huziba vilevile na kuleta msimbo P0505 au P0506.

Baada ya kusafisha, wengi hushtuka kuona gari limekuwa baya zaidi: mizunguko inapanda hadi 1,500 au inayumba. Sababu ni kwamba kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kisahani zaidi ili kufidia uchafu, na sasa njia iko wazi. Hali hiyo hiyo huweza kutokea betri inapochomolewa, ila kwa upande wa pili: kompyuta husahau fidia yake, na throto chafu ambayo gari lilikuwa limeizoea inaanza kulizimisha ghafla. Magari mengi ya Toyota hujirekebisha yenyewe yakiachwa yaungurume bila A/C hadi feni ya rejeta izunguke na kusimama, kisha yakiachwa tena dakika chache A/C ikiwa imewashwa, na mwisho gia ikiwa D huku breki ikiwa imekanyagwa. Baadhi huhitaji mashine. Fundi anayezungusha skrubu ya kituo cha throto ili kushusha mizunguko anaharibu kipimo cha kiwandani, na kukirudisha ni kazi ngumu kuliko tatizo lenyewe.

Mizunguko inayopanda na kushuka kama inayopumua, kwa mfano 700 hadi 1,100 na kurudi, mara nyingi inachanganya sehemu hizi mbili, yaani hewa inayovuja pamoja na throto inayojaribu kuifidia. Angalia pia kiwango cha maji ya rejeta: hewa ikinaswa mahali ilipo sensa ya joto, kompyuta hupokea taarifa zinazorukaruka na sailensi hufuata.

Injini inamisi

Mwako unaokosekana ndio chanzo cha mtetemo mkali zaidi, na ndio usiofaa kuvumiliwa, kwa sababu petroli isiyoungua huenda kuwakia ndani ya kichujio cha ekzosi na kukiyeyusha. Taa ya cheki injini ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja, ndiyo onyo la jambo hilo, na mguu upunguzwe kwenye mafuta mara moja. Misimbo P0301, P0302 na P0303 hutaja silinda yenyewe; P0300 husema kwamba kumisi kunahama kutoka silinda hadi silinda, jambo linaloelekeza zaidi kwenye hewa, mafuta au mnyororo wa muda (unaozungusha shafti ya vali) kuliko kwenye plagi moja.

Bila mashine, silinda inaweza kutafutwa kwa kuchomoa waya wa nozeli (inayopulizia petroli) moja moja injini ikiwa kwenye sailensi. Silinda nzima ikikatiwa mafuta, injini hutikisika zaidi. Ile ambayo kuchomolewa kwa nozeli yake hakubadilishi kitu ndiyo iliyokufa. Ninapendelea kuchomoa nozeli kuliko koili, kwa kuwa koili ikichomolewa petroli inaendelea kumwagika bila kuungua.

Silinda ikishajulikana, usinunue kitu bado. Koili za injini hii zimekaa kila moja juu ya plagi yake na kushikiliwa kwa boliti moja ya spana namba 10. Zima injini, hamisha koili ya silinda mbovu uipeleke kwenye silinda nyingine, uwashe tena. Ubovu ukihama pamoja na koili, koili ndiyo iliyokufa. Ukibaki palepale, fanya hivyo hivyo kwa plagi. Nusu saa ya kazi hii imeokoa watu wengi gharama ya kununua seti nzima ya koili, ambazo katika maduka mengi ya vipuri huuzwa za bandia zikiwa ndani ya boksi zuri kuliko la koili halisi.

Plagi ikishatoka itazame kwa makini kwenye mwanga wa jua, kwanza upande wa juu na si upande unaowaka. Kwenye kauri nyeupe tafuta mstari mwembamba wa kijivu au mweusi unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Hiyo ni njia ambayo umeme umekuwa ukiitumia kukimbilia kwenye bodi badala ya kuruka kwenye ncha. Mara nyingi mstari mwingine kama huo unakutwa ndani ya mpira wa koili, na plagi mpya ikifungwa chini ya mpira ule ule, tatizo linarudi baada ya siku chache. Kisha angalia kama nyuzi za plagi zina oili: gasketi ya kifuniko cha vali ikikakamaa, oili hujaa kwenye shimo la plagi na kulainisha mpira wa koili. Upande unaowaka, rangi ya kahawia hafifu ni ya afya, masizi makavu ni ya petroli nyingi (rejea habari ya themostati), na weupe wenye malengelenge ni wa joto kupita kiasi au petroli pungufu. Plagi nyingi za iridiamu zina mwanya wa mm 1.0 hadi 1.1 tangu kiwandani, na ncha yake nyembamba huvunjika ikigongwa na kifaa cha kupimia.

Kuna chanzo kingine kinachofanana na hiki na kisichohitaji kipuri. Gari likianza kumisi siku ile ile lilipooshwa injini kwa maji ya presha, toa koili, kausha mashimo ya plagi na viunganishi kwa hewa, uviache wazi juani. Likianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza mafuta, mawazo yaelekee kwenye maji ndani ya petroli, na sampuli itolewe kwenye tangi ndani ya chupa ya kioo: maji hukaa chini, na mpaka wake na petroli unaonekana kwa macho.

Injini imetulia, lakini gari linatetemeka

Magari madogo yanayosukumwa na magurudumu ya mbele huwa na mauntingi mbili zinazobeba uzito wa injini na giaboksi, pamoja na nyingine ya chini inayozuia injini isijipinde. Ya upande wa injini mara nyingi ina kimiminika ndani yake, na ikipasuka huacha doa jeusi la mafuta mazito kwenye chuma cha pembeni bila kuonyesha ufa wowote kwenye mpira. Ndiyo maana kutazama peke yake hakutoshi.

Kwa jaribio, mtu mmoja akae ndani, avute handibreki na kukanyaga breki kwa nguvu. Mwingine asimame pembeni ya boneti iliyofunguliwa, kamwe si mbele ya gari. Gia ihamishwe taratibu kutoka R hadi N hadi D. Injini inapaswa kuinama kidogo na kutulia. Ikiruka na kugonga, mauntingi imekatika. Mauntingi iliyolegea bila kukatika hujulikana kwa mtetemo wa D unaozidi sana ule wa N, huku ekzosi ikipumua bila pengo na mashine ikionyesha mizunguko sahihi.

Kuhusu kununua, niseme wazi kwamba mauntingi mpya ya bei ya chini inaweza kuleta mtetemo mkubwa kuliko iliyochakaa. Mpira wake huwa mgumu, mingine haina kimiminika kabisa, na kazi ya mauntingi ni kumeza mtikisiko, si kushikilia injini tu. Zile zinazojazwa mpira wa tairi mitaani hudumu sana, na kwa injini ya silinda tatu hupitisha kila pigo hadi kwenye meno ya dereva. Afadhali halisi iliyotumika yenye mpira mzima. Hata iliyo nzuri huweza kulalamika ikifungwa vibaya: boliti zote zifungwe kwa kulegea, injini itikiswe au iwashwe kidogo ili ikae mahali pake, ndipo zikazwe. Mpira uliokazwa ukiwa umejipinda hupitisha mtetemo kama chuma.

Kabla ya kulaumu mauntingi, shika bomba la ekzosi likiwa baridi na ulitikise. Mipira inayolining'iniza ikikatika, bomba hugusa bodi na kuleta mngurumo ambao hauna tofauti na wa mauntingi kwa anayekaa ndani. Bati la kuzuia joto lililolegea hutoa mlio wa mchanga kwenye kopo katika kiwango kimoja tu cha mizunguko.

Mtetemo unaoanza gari likifika kasi ya km 80 au 100 kwa saa na kubaki hata gia ikiwekwa N ni wa magurudumu, na ule unaokuja wakati wa kuongeza mafuta tu ni wa jointi za ndani za drafti, yaani shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele. Hauhusiani na sailensi.

Mtetemo wa A/C

Kompresa inapoingia, mizunguko hutumbukia kwa kufumba na kufumbua kisha kompyuta huipandisha hadi juu kidogo ya ilipokuwa. Ikitumbukia na kubaki chini, rudi kwenye throto. Ikiwa throto ni safi, tazama mzigo wenyewe: feni ya rejeta isiyozunguka A/C inapowashwa, kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu, au gesi iliyojazwa kupita kiasi, vyote hupandisha presha na kuifanya kompresa iwe nzito kwa injini ya cc 996, ambayo haina nguvu ya ziada ya kutoa. Gari ambalo linatetemeka kwenye foleni mchana na kutulia likianza kutembea, hewa ikipita kwenye kondensa, linaelekeza huko moja kwa moja. Pima pia umeme wa alternata. Injini ikiwaka usome kati ya volti 13.5 na 14.5.

Vikibaki vyote vizuri

Kama hewa, mafuta, umeme wa plagi na mauntingi vimepita, kinachobaki kiko ndani ya injini. Oili iliyokaa muda mrefu huziba kichujio kidogo cha vali ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali), na kamshafti (shafti ya vali) hubaki katika mkao usiofaa kwa sailensi. Hilo huanza kutibiwa kwa oili safi ya kiwango sahihi na kusafisha vali hiyo. Mnyororo wa muda uliorefuka huleta kelele ya sekunde chache wakati wa kuwasha asubuhi na msimbo P0016. Klirensi ya vali (nafasi kati ya vali na kinachoisukuma) ikibana, silinda hupoteza mgandamizo injini ikiwa moto ingawa inaanza vizuri ikiwa baridi.

Kipimo cha mgandamizo ndicho kinachoamua. Plagi zote zitolewe, nozeli zikatiwe umeme, throto ifunguliwe kabisa, betri iwe na nguvu. Tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu kuliko idadi yenyewe: silinda mbili zikisoma bar 12 na ya tatu 8, mtetemo umepata maelezo yake. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, vali hazifungi, na kazi inaweza kumalizika kwa kufungua kichwa cha injini peke yake.

Ringi zikichoka, wengi huenda mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta injini iliyotumika kutoka Japani, kwa kuwa gharama ya kufungua injini ndogo na kuijenga upya mara nyingi hukaribia au kupita bei hiyo. Kipimo hicho hicho cha mgandamizo kidaiwe na kwa injini inayonunuliwa, kabla haijapakiwa. Na kwa kuwa injini huuzwa bila mauntingi, fundi atazirudisha zile za zamani asipoambiwa. Kuzibadilisha injini ikiwa nje ni kazi ya dakika chache, na baadaye inakuwa ya nusu siku.